Wajawazito Kumi na Wanne kwenye Simu Yangu

Vishikwambi vililetwa zahanati kwetu ndani ya boksi la biskuti. Vilikuwa vinne, kila kimoja kimefungwa peke yake kwenye plastiki yenye mapovu, na boksi hilo silisahau kwa sababu wahudumu wawili walilipokea kwa furaha kubwa kabla ya kuambiwa kilichomo. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu, muuguzi mkunga, na kwenye kliniki ya mama na mtoto pale Kurasini mimi ndiye niliyejua kila rejesta iko wapi na ipi iliwahi kuloa mvua. Mganga mfawidhi, bosi wetu, alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinikabidhi kimoja mbele ya wenzangu akasema, "Mama, kuanzia Jumatatu karatasi basi." Nilikipokea kwa mikono miwili, nikatafuta mahali pa kukiweka pasipo na maji.

Sikukichukia. Watu wakisikia habari ya muuguzi wa umri wangu na kishikwambi hutegemea nilalamike, lakini mimi nimeandika kwa mkono karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimeandika jina la mjamzito mmoja kwenye rejesta sita kwa siku moja. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunakaa siku mbili tukijumlisha vijistari, na majumlisho yangu na ya mwenzangu hayakuwahi kulingana. Kifaa kinachojumlisha chenyewe sina ugomvi nacho hata kidogo.

Kilichonikera ni tabia yake ya kukataa. Rejesta ya karatasi haikatai. Ukikosa tarehe ya kuzaliwa unaacha wazi, ukikosa jina la mume unapiga mstari, kazi inaendelea. Kishikwambi kilikuwa na nafasi zenye nyota nyekundu pembeni, na nafasi yenye nyota ukiiacha wazi hakikupi ukurasa unaofuata. Mama amekaa mbele yako na tumbo la miezi saba, benchi la nje limejaa, jua limeshafika mlangoni, na kidude kinakukodolea macho mpaka ukilishe.

Namba ya simu ilikuwa na nyota.

Wanawake wengi wa Kurasini wana simu, tena wengine simu zao ni kubwa kuliko yangu. Lakini kila siku alikuwepo mmoja au wawili ambao hawana. Mmoja simu imeibiwa juzi. Mwingine anatumia ya mume, na mume ni utingo wa lori ambalo saa hiyo liko njiani kwenda Tunduma. Mwingine hajamwambia mtu yeyote kwamba ana mimba, na ndiyo kwanza ameniambia mimi. Zamani hilo halikuwa tatizo. Rejesta ilikuwa na safu pana ya mahali anapoishi, na sisi tuliijaza kama tunavyoelekezana mitaani: nyuma ya yadi ya makontena yenye geti la bluu, nyumba yenye mashine ya kusaga, uliza kwa mama wa maandazi. Kwa maelezo ya namna hiyo mhudumu alikuwa anatoka asubuhi na kabla ya saa sita amerudi na mtu. Kishikwambi kilitaka mkoa, wilaya, kata na mtaa, vyote vya kuchagua kwenye orodha, na orodha haikuwa na geti la bluu.

Mwanzoni wenzangu walijaza sifuri kumi. Kikafanyiwa marekebisho, kikaanza kukataa sifuri. Wakajaza tarakimu kwa mfuatano, moja mpaka tisa. Wilayani wakampigia mfawidhi kulalamika kwamba kituo chake kina wajawazito wengi mno wanaotumia namba moja isiyokuwepo duniani. Tukaitwa kwenye kikao, tukasemwa. Mimi nilikuwa nimeshaamua la kufanya. Kesho yake alipokuja mama asiye na simu, nilijaza namba yangu mwenyewe.

Nilijiona mwadilifu. Wenzangu walikuwa wanaidanganya mashine, mimi niliipa namba ya kweli ya mtu wa kweli, anayepokea simu. Wakimtafuta mama watanipata mimi, na mimi nitamtafuta mama. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, na sikuona kwamba kuna kitu kimebadilika.

Kilichobadilika nilianza kukipata baada ya wiki moja. Mfumo ulikuwa unamtumia kila mjamzito ujumbe wa elimu. "Mama mpendwa, ujauzito wako sasa una wiki ishirini na mbili. Kula mboga za majani." Ujumbe wa kwanza uliingia nikiwa nyumbani Mbagala, simu iko mezani, na binti yangu ndiye aliyeusoma. Akanitazama. "Mama, kuna jambo unataka kutuambia?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na wajawazito kumi na wanne kwenye simu. Kuna siku nilikuwa na wiki kumi na mbili asubuhi, na mchana nikawa na wiki thelathini na sita, nakumbushwa kuandaa nguo za mtoto na kanga safi. Kazini walinipa hongera kila nilipopita. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuwasomea, maana utani ule ulinipendeza.

Ulipofika wakati simu inalia hata nikiwa kanisani, nilimpa binti yangu ainyamazishe. Alibonyeza mahali fulani, akaniambia ujumbe wote wa mtumaji yule sasa unaingia kwenye chumba chake, haupigi kelele, na nikitaka kusoma nitafungua. Nilimshukuru sana.

Wakati huohuo barua ilitoka wilayani. Fomu za kituo chetu zilikuwa zimejazwa bila pengo, kila nafasi, na tulipongezwa kwa maandishi. Mfawidhi aliibandika ukutani karibu na ratiba ya chanjo. Hakuniuliza wale mama wasio na simu walipata wapi simu, na mimi sikumwambia. Wiki mbili baadaye nilichaguliwa kwenda Boko, siku tano, kuwafundisha wauguzi wa vituo vingine namna ya kujaza. Nilishona gauni jipya kwa ajili hiyo.

Mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake alikuja Alhamisi, siku nne kabla sijaenda Boko. Alikuwa na mimba ya miezi minane na hilo lilikuwa hudhurio lake la kwanza, jambo ambalo kwa kawaida lingenifanya nimseme. Sikumsema kwa sababu ya kikohozi. Nilikuwa nimekisikia kutoka kwenye benchi kabla sijamwona, kikohozi kizito, na wenzake walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili. Alikuwa mwembamba kila mahali isipokuwa tumbo. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume wa miaka miwili, aliyekuwa amejishikiza kwenye kanga yake. Mume alikuwa amerudi kwao Newala kwa ajili ya korosho, na yeye alibaki chumba kimoja kwa shemeji, akikaanga chapati na kuchemsha chai kwenye geti la yadi ya makontena, wateja wake wakiwa madereva na matingo.

Nilimuuliza amekohoa muda gani. "Tangu mvua zilivyoanza," akasema. Mvua zilikuwa zimeshaisha. Nikampa kikopo, nikampeleka nyuma ya jengo kwenye hewa, nikamwelekeza atoe makohozi ya kifuani na siyo mate. Alivyorudi nikaendelea na fomu, na tukafika kwenye nyota.

"Namba ya simu?"

"Sina, mama. Simu anayo shemeji."

"Nipe ya shemeji basi."

"Hapana mama, nakuomba. Shemeji atamwambia mkewe, na mkewe akishajua mie napimwa kifua, genge zima litajua. Nani atakula chapati zangu? Huyu nitamlisha nini?"

"Jirani je?"

"Jirani ndo redio kabisa."

Nilicheka, naye akacheka, kikohozi kikamkatiza. Kisha akasema, "Si uweke hata ya kwako?" Nilikuwa nimeshaiweka. Nilimwambia majibu yatatoka wiki ijayo na kwamba nitamtafuta mwenyewe, hana haja ya kuhangaika. Akaitikia vizuri, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka kurudi kwenye biashara yake. Sikumuuliza ni geti gani. Kwenye karatasi ningemuuliza, kwa kuwa safu ilikuwepo na ilinitaka. Nilichagua mtaa kwenye orodha, nikabonyeza hifadhi, kikakubali.

Hapa lazima nieleze majibu yalivyokuwa yanafika. Makohozi hatukuyapima sisi, tuliyapeleka hospitali kubwa. Zamani majibu yalirudi na dereva wa pikipiki ndani ya bahasha ya kaki, mtu wa maabara akasaini, akatembea nayo hadi mezani kwangu. Kama ni mabaya nilijua kabla hajafika, kwa jinsi alivyoishika. Vishikwambi vilipokuja, bahasha ziliachwa. Majibu yakawa yanaingia kwenye ukurasa wake ndani ya mfumo, na mwenye namba anatumiwa ujumbe. Ujumbe wenyewe haukutaja jina wala ugonjwa, ili kulinda siri ya mgonjwa, na hilo ni jambo jema. Lakini hakuna aliyesema ni nani kati yetu atakayeufungua ukurasa ule kila asubuhi. Maabara walidhani ni kliniki. Kliniki tulidhani ni maabara.

Boko nilifundisha vizuri. Ukumbi ulikuwa na feni nzuri, chakula kilikuwa cha kushiba, na wauguzi wa vituo vingine walikuwa wanaandika kila ninachosema. Niliwaambia, pamoja na mengine, kwamba mgonjwa akija kuulizia majibu asipotezewe muda: majibu yakitoka atapata ujumbe, na kama hajapata ujumbe basi hayajatoka. Sentensi hiyo ilikuwa yangu, na kituoni kwetu nilikuwa nimeshawafundisha wenzangu kabla sijaisafirisha.

Niliporudi kazi ilikuwa nyingi kama kawaida. Nilimkumbuka mwanamke wa chapati mara mbili. Mara ya kwanza nilijiambia kwamba atakuwa amekuja nilipokuwa Boko na amepewa majibu yake. Mara ya pili nilijiambia hivyohivyo. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote ya kumkumbuka, na siwezi kuiongeza.

Zikapita wiki mbili na siku kadhaa. Mchana mmoja, saa ya chakula, binti yangu alitaka kunitumia picha na simu ikagoma kuipokea, imejaa. Nikaamua kufuta. Nilifungua chumba kile cha ujumbe wa mfumo na kukuta mamia, nikaanza kushuka na kidole huku mkono mwingine una kijiko. Mama mpendwa, mama mpendwa, mboga za majani, dalili za hatari, mama mpendwa. Katikati yake kulikuwa na ujumbe usioanza kwa upendo. "Majibu ya kipimo chako yako tayari. Fika kituoni haraka." Chini yake ulikuwepo mwingine wa aina hiyo, wa siku tatu baadaye, na mwingine tena.

Niliweka kijiko chini. Nilichukua kishikwambi, nikaandika namba yangu kwenye sehemu ya kutafuta, yakaja majina kumi na manne ya wanawake, na pembeni ya jina moja kulikuwa na alama nyekundu. Nilipobonyeza nikaona neno nililokuwa nalijua tayari. Kifua kikuu, kimeonekana. Tarehe ilikuwa ya Jumanne, wiki ileile niliyokuwa Boko nafundisha.

Niliogopa, na hofu yangu ya kwanza haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa ni hofu ya barua ile iliyobandikwa ukutani. Baada ya hapo ndipo nilipomfikiria yeye, na mtoto wa miaka miwili katika chumba kimoja kisicho na dirisha la maana, na mtoto aliye tumboni ambaye kwa hesabu zangu alikuwa amebakiza siku chache azaliwe, kama hakuwa amezaliwa tayari. Mtoto mchanga akivuta hewa hiyo hana nguvu ya kupambana nayo. Ilibidi nimpate mama yake siku hiyohiyo.

Nilikwenda kwa mfawidhi nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alifunga mlango. Nilitegemea apaze sauti, lakini aliuliza tu, "Wako wangapi, mama, kwenye namba yako?"

"Kumi na wanne."

Alipigapiga kalamu kwenye meza. "Wale kumi na watatu nitawaangalia mimi sasa hivi. Wewe nenda kamtafute huyo. Mengine tutaongea kesho."

Kabla sijatoka nilimuuliza muuguzi wa mapokezi, binti mpole aliyeanza kazi mwaka ule, kama alimwona mjamzito mwembamba anayekohoa wiki niliyokuwa Boko. Alikumbuka mara moja. Alikuja Jumatano, akarudi tena Ijumaa, akimuulizia yule mama mnene wa miwani, yaani mimi. "Nikamwambia majibu yakitoka atapata meseji," binti akasema. "Nikamuuliza umepata meseji? Akasema hajapata. Nikamwambia basi hayajatoka, arudi nyumbani apumzike." Akanitazama usoni. "Nilikosea, mama?"

Nilimwambia hakukosea. Jumatano, alipomrudisha nyumbani, majibu yalikuwa na siku moja ndani ya kishikwambi kilichokuwa kwenye droo yake.

Nilivua sare. Muuguzi mwenye sare akionekana anamtafuta mwanamke anayekohoa, mtaa mzima unajua kabla hajagonga hodi, na hicho ndicho alichoniomba nisimfanyie. Nilijifunga kanga juu ya gauni nikatoka kwa miguu. Ukitoka zahanati kwetu unakutana na mayadi ya makontena moja baada ya jingine, ukuta mrefu, geti, ukuta mrefu, geti, na malori yamepanga foleni upande mmoja yakisubiri kuingia. Kila geti lina genge lake la chakula. Niliuliza geti la kwanza, la pili, la tatu. Geti la nne kulikuwa na mwanamke anayekatakata vitunguu akaniuliza kwanza mimi ni nani.

"Mama yake mkubwa. Nimetoka Newala."

Akanitazama kuanzia miwani hadi viatu. "Newala gani, mama? Unaongea kama mtu wa Same."

Mimi ni mtu wa Same. Nilivua miwani nikaifuta kwa kanga, na nadhani aibu hiyo ndiyo iliyonisaidia, maana aliweka kisu chini akapunguza sauti. Akasema huyo mwenzao ameacha kukaanga. Wateja walianza kunung'unika kwa sababu ya kikohozi, wakawa wanaruka meza yake, mwisho akazima jiko mwenyewe. Amehamia Kigamboni, Kibada, kwa dada yake anayeuza nazi, akajifungulie huko. "Wewe nesi, eti?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. "Mmechelewa," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nilikodi bajaji tukavuka daraja. Njia nzima nilipanga maneno. Niliyapanga vizuri, kama mtu anayeandaa taarifa: mfumo unafanya hivi, ukurasa hauna mwenyewe, mimi nilikuwa Boko nafundisha, ujumbe haukutaja jina. Kila neno lilikuwa la kweli na nilifika Kibada nikiwa nayo yote.

Sipendi masimulizi yanayomficha msomaji kama mtoto alikufa au hakufa. Hakufa. Leo hii anatembea na anatupa vitu. Alianzishiwa dawa ya kinga siku iliyofuata na ugonjwa haukumpata. Kaka yake ulikuwa umeshampata. Alitibiwa miezi sita, akapona, ila kwa miezi hiyo alikuwa amekonda kiasi kwamba kaptula ilifungwa kwa kamba. Mama yao alimaliza dawa zake bila kuruka hata siku. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo haikubandikwa ukutani, na ukurasa wa majibu sasa unafunguliwa kila asubuhi na mtu mwenye zamu, jina lake limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Nafasi ya simu siku hizi ina kijisanduku cha kuweka alama kwamba mgonjwa hana simu. Sijui kama ni kwa sababu yetu.

Lakini siku ile sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nyumba ya mama wa nazi haikuwa ngumu kuipata, kulikuwa na lundo la vifuu kando ya ukuta. Dada mtu alikuwa barazani anafua nazi. Mwanamke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kifua wazi upande mmoja, ananyonyesha. Mkubwa alikuwa amelala nyuma ya mgongo wake. Aliponiona alifurahi, hilo siwezi kulisema kwa namna nyingine. Uso ulimkunjuka wote.

"Shikamoo mama! Umenijuaje niko huku?"

"Marahaba. Nimeuliza. Naona umejifungua."

"Nimejifungua. Wa kike." Akageuka pembeni akakohoa kwenye kanga, akarudi kwangu. "Zahanati ya huku walinipokea vizuri. Waliangalia kadi yangu, wakasema haina tatizo."

Kadi haikuwa na tatizo kwa sababu majibu hatukuyaandika tena kwenye kadi. Nilipewa kigoda, nikakaa. Dada yake akaniletea maji kwenye bilauri, nikanywa yote.

"Mie nilikuja kukuulizia mara mbili," akasema. "Nikaambiwa haupo. Basi nikamwambia dada hapa, yule mama aliniahidi, angekuwa na neno angeshanijia. Nilivyoona kimya nikajua sina kitu. Kumbe ni vumbi tu la malori."

Nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti niliyoitumia kwa watu wengi kabla yake, ya chini, bila haraka. Ni kifua kikuu. Kinatibika. Dawa hazilipiwi, ni miezi sita, na baada ya wiki chache hutaambukiza mtu. Watoto watapimwa kesho, nitakuja na usafiri kuwachukua.

Hakulia. Alimtoa mtoto kwenye ziwa akampa dada yake, kisha akasogea nyuma kwenye mkeka, kidogo kidogo, hadi mgongo ulipogusa ukuta wa mwisho wa baraza, akajifunika pua na mdomo kwa kanga. Mtoto alianza kulia. Nilimwambia hakuna haja ya kumwacha na njaa, anaweza kuendelea kumnyonyesha hivyohivyo akiwa amefunika mdomo. Alitikisa kichwa. Dada yake alisimama katikati yetu na mtoto mikononi, hajui ampeleke wapi.

"Majibu yalitoka lini?" aliuliza nyuma ya kanga.

Nilikuwa na yale maneno niliyoyapanga kwenye bajaji, yote yako tayari.

"Leo ni siku ya ishirini na tatu."

Alimtazama mtoto aliyekuwa analia. "Huyu ana siku kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa siku zote hizo yalikuwa wapi?"

"Kwenye simu yangu," nilisema.